Ramani Moja, Bei Tatu: Mkandarasi Hupigaje Hesabu ya Nyumba?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina kiwanja Moshono, Arusha, kimeinama kidogo kuelekea korongoni. Ramani yangu ni ya nyumba ya chini, vyumba vitatu vya kulala, urefu mita 12 na upana mita 10. Nimeipeleka kwa watu watatu. Wa kwanza kaniambia milioni 54, wa pili milioni 78, wa tatu milioni 96. Wote wameona ramani ile ile, na karatasi zao nimekutumia. Naomba unieleze hawa watu hupigaje hesabu, na nani kati yao ananipiga. Na je, nikianza na yule wa milioni 54 halafu nikaongezea mbele ya safari, nitakuwa nimekosea? Mama anayejenga, Arusha.

JIBU: Dada yangu, karatasi zote tatu nimezisoma na kuzirudia. Nianze na swali lako la pili, maana najua ndilo linalokunyima usingizi: sioni dalili kwamba kuna anayekupiga. Ninachokiona ni watu watatu waliopewa ramani moja, kisha kila mmoja akaweka bei kwenye nyumba iliyo kichwani mwake. Ramani yako inaonyesha vyumba, milango na madirisha. Haionyeshi kina cha msingi, unene wa nondo, aina ya taili, wala maji taka yanakwenda wapi. Palipo na pengo, anayekadiria hulijaza mwenyewe. Mmoja huliruka, mwingine hujiwekea akiba juu yake, mwingine hurudi kwako kuuliza. Sehemu kubwa ya ile tofauti ya milioni 42 imetoka humo.

Chukua karatasi ya kwanza. Ina mstari mmoja tu: mita za mraba 120 mara shilingi 450,000, jumla milioni 54. Njia hii si ya kihuni. Sisi wakadiriaji majenzi huitumia mteja anapotaka kujua kama nyumba anayoifikiria inaingia kwenye uwezo wake, hata kabla ramani haijachorwa. Unachukua nyumba iliyokwisha kujengwa, unagawanya gharama yake kwa eneo lake, unapata bei ya mita moja ya mraba, kisha unaizidisha kwa eneo la nyumba mpya. Shida ni kwamba bei hiyo inakuja na kila kitu cha ile nyumba ya zamani: kiwanja chake tambarare, bati zake, mwaka iliojengwa, umbali wake na barabara.

Tena haijali umbo. Nyumba yako ya mita 12 kwa 10 ina mzunguko wa mita 44 wa kuta za nje. Mtu akichora ya mita 20 kwa 6, eneo linabaki 120 lakini mzunguko unafika mita 52. Hizo ni mita nane zaidi za msingi, za tofali, za lenta, za lipu ndani na nje, na rangi juu yake. Kwa hiyo bei ya mita ya mraba inafaa kukusaidia kuamua kama uanze sasa au usubiri. Kuitumia kusainia mkataba ni sawa na kukubaliana bei ya gauni na fundi cherehani ambaye hajakiona kitambaa.

Karatasi ya pili imegawanywa kwa hatua: msingi, boma hadi lenta, kupaua, lipu na sakafu, kisha kumalizia. Hivi ndivyo mafundi wengi wazoefu wa Arusha na Moshi wanavyofikiri, na wengine wanapiga karibu kabisa kwa sababu wamejenga nyumba za aina hiyo mara nyingi. Udhaifu wake ni kwamba ndani ya kila hatua huwezi kujua kimehesabiwa nini. “Kumalizia milioni 21” kunaweza kuwa na dari la jipsamu au kusiwe nalo. Nimetafuta umeme kwenye karatasi hiyo sikuuona. Shimo la maji taka nalo halimo. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, ameandika kwamba bei haihusishi VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Mstari huo nitaurudia.

Karatasi ya tatu ndiyo BOQ, orodha ya kazi zote na vipimo vyake, kurasa kumi na moja. Nataka uelewe namna inavyotengenezwa, maana ukishaelewa hutahitaji mtu wa kukuambia nani mkweli.

Kazi ya kwanza ni kutoa vipimo kwenye ramani. Hapa hakuna bei hata moja, ni rula na subira. Tuchukue lenta, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya milango na madirisha. Kuta zako za nje ni mita 44, za ndani nimezipima zinafika kama mita 26, jumla 70. Lenta ya kawaida kwenye ukuta wa tofali za inchi 6 ina upana wa milimita 150 na kimo cha milimita 225. Zidisha: mita 70 zinakula zege la mita za ujazo 2.4 hivi. Nondo nne za milimita 12 zikipita humo ni mita 280, ongeza sehemu za kuunganishia, kama asilimia 10, unapata mita 308. Nondo moja ina mita 12, kwa hiyo unahitaji 26. Ringi za milimita 8, vile vyuma vinavyozifunga nondo pamoja, zikipangwa kila baada ya sentimita 20 zinafika 350, kila moja ikila kama sentimita 65, nazo zinahitaji nondo 19. Bado mbao za kusukia zege, misumari na waya wa kufungia. Hiyo ni lenta peke yake. Mkadiriaji anafanya hivyo kwa kila kitu, kuanzia kusafisha kiwanja hadi kitasa cha mlango.

Kwenye tofali tunahesabu 10 za sentimita 45 kwa 22.5 kwa kila mita ya mraba ya ukuta, na humo zile zitakazovunjika zimeshaingia. Milango na madirisha hutolewa. Mfuko mmoja wa saruji hupiga lipu ya unene wa milimita 15 kwenye mita za mraba 8 hadi 10, kutegemea mchanganyiko, lakini ukuta uliopinda hula zaidi, kwa sababu fundi wa lipu analazimika kunyoosha kilichopindishwa na fundi wa tofali. Paa halipimwi kwa eneo la sakafu: likiwa na mwinuko wa nyuzi 30, eneo la bati linazidi eneo lililofunikwa kwa asilimia 15 na zaidi, na hapo vipande vinavyokatwa pembeni bado.

Kazi ya pili ni kujenga bei ya kipimo kimoja. Hapa ndipo mkandarasi mzuri anapoachana na mbabaishaji, na watu wengi hawapaoni. Tujenge bei ya mita moja ya ujazo ya zege la moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Bei nitakazotaja ni za mfano wa hesabu tu, wewe weka za dukani kwako siku utakayonunua.

Zege hilo linahitaji mifuko 6.3 ya saruji ya kilo 50, tuiweke 6.5 kwa sababu ya kinachomwagika. Mchanga ni kama nusu mita ya ujazo, maana mchanga mbichi huvimba na kipimo chake hudanganya. Kokoto ni 0.9. Tuseme saruji ni shilingi 18,000 kwa mfuko, mchanga 40,000 na kokoto 60,000 kwa mita ya ujazo, vyote vikiwa vimefika kiwanjani. Saruji inakuwa 117,000, mchanga 20,000, kokoto 54,000. Jumla ya vifaa ni 191,000. Mafundi, mashine ya kuchanganyia, mafuta yake na maji tuviweke 45,000. Tumefika 236,000. Mkandarasi anaongeza asilimia 20 ya gharama za uendeshaji na faida, inakuwa 283,200.

Sasa angalia kinachoweza kutokea. Fundi akichanganya moja kwa tatu kwa sita, saruji inashuka hadi mifuko kama 4.5. Ameokoa mifuko miwili, shilingi 36,000 kwa kila mita ya ujazo, na zege likishakauka kwa macho huwezi kulitofautisha na lile zuri. Bei ya chini ikitoka hapo, nguzo na lenta zako ndizo zinazoilipia. Ndiyo maana BOQ ya maana huandika mchanganyiko wa zege kwenye kila mstari, na ndiyo maana nakusihi usikubali neno “zege” likae peke yake kwenye mkataba.

Nondo vilevile. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa iwe na uzito wa kama kilo 10.7. Ukikuta ya bei nafuu ina kilo 9, jua unene wake halisi uko kama milimita 11, yaani umepunjwa chuma kwa takriban asilimia 16. Beba mzani. Mwenye duka mwaminifu hatakasirika.

Ufundi nao una hesabu yake. Fundi mzuri na saidia wake wanajenga tofali 100 hadi 150 kwa siku kwenye ukuta ulionyooka. Kama fundi analipwa 25,000 na saidia 12,000 kwa kutwa, na wakajenga 120, tofali moja imegharimu shilingi 308 za ufundi, na mita ya mraba 3,080 hivi. Mkandarasi anayejua uwezo wa watu wake anaanzia hapo. Kuna wengine hukadiria ufundi kwa asilimia ya gharama ya vifaa, na njia hii siipendi hata kidogo. Taili ya shilingi 45,000 kwa mita ya mraba haimchoshi fundi kuliko taili ya ukubwa ule ule ya 22,000. Ukikubali asilimia, utalipa ufundi mara mbili kwa kuchagua taili nzuri. Lipa taili kwa mita ya mraba, tofali kwa idadi au kwa kozi (safu moja ya tofali), zege kwa mita ya ujazo.

Ile asilimia 20 inayoongezwa juu inawakera wenye nyumba wengi, wanaiona kama mkandarasi anakula bure. Si yote faida. Humo mna stoo ya saruji, mlinzi, choo cha mafundi, maji ya boza pale ambapo bomba halijafika, simu, gari, mhandisi anayekuja kukagua nondo kabla zege halijamwagwa, michango ya wafanyakazi kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii, na ada za usajili wake. Gharama hizi nyingi huenda kwa mwezi, haziendi kwa tofali. Kazi ya miezi mitano ikivutwa hadi tisa kwa sababu fedha zako zinakuja kwa mafungu, mlinzi atalipwa miezi tisa. Kwa hiyo mkandarasi akikuuliza utalipaje na lini, anakadiria. Mjibu ukweli, bei itakayotoka itakuwa ya kweli.

Sasa tuje kwenye korongo lako, maana hapo ndipo penye fedha nyingi kuliko mahali pengine popote kwenye nyumba hii, na kati ya karatasi tatu ni moja tu iliyopagusa.

Mwambie fundi achukue mpira wa maji, ule wa plastiki unaoonyesha ndani, ujazwe maji bila mapovu. Ncha moja ishikwe kwenye kona ya juu ya nyumba, nyingine kwenye kona ya chini. Maji yatasimama usawa mmoja pande zote mbili, na tofauti ya kimo kutoka ardhini ndiyo mteremko wako. Tuseme ni mita 1.2 katika urefu wa mita 12. Kwa macho unaona “kimeinama kidogo”. Kwa hesabu ni hivi.

Kiwanja kingekuwa tambarare, kuta za msingi zingekuwa na kimo cha sentimita 70, kozi tatu. Mita 70 za kuta mara 0.7 ni mita za mraba 49. Kwa kuwa sakafu lazima iwe usawa mmoja, upande wa chini ukuta utafika mita 1.9, kozi nane, na wastani unakuwa mita 1.3. Mita za mraba zinapanda hadi 91. Ongezeko ni 42: tofali 420 zikisimamishwa, na karibu 600 zikilazwa kama inavyofanyika kwenye misingi mingi. Hizo bado si kitu.

Ndani ya kuta hizo kuna shimo la kujazwa. Eneo la ndani ni kama mita za mraba 110, na kifusi cha ziada ni wastani wa sentimita 60. Hiyo ni mita za ujazo 66 zikiwa zimeshindiliwa. Moramu, ule udongo wa changarawe wa kujazia, huja ikiwa imelegea, kwa hiyo unanunua kama robo zaidi, mita za ujazo 82. Tipa ikibeba mita tano, ni tripu 17 ambazo kwenye kiwanja tambarare zisingekuwepo. Kisha zishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, zikimwagiwa maji, kila tabaka kwa zamu yake. Fundi akijaza zote kwa siku moja na kupitisha mashine juu, jamvi, yaani zege la sakafu, litatitia na taili zitapasuka baada ya masika ya kwanza au ya pili.

Na bado. Ukuta wa mita 1.9 uliojazwa udongo upande mmoja unasukumwa. Tofali tupu hazijatengenezwa kwa kazi hiyo. Utahitaji nguzo za zege zenye nondo, au msingi mpana wa mawe, na hilo aamue mhandisi. Mkandarasi wa milioni 96 ametenga mawe, nguzo na kifusi, na ameandika kwamba alifika kiwanjani. Wa pili ameandika msingi wa kozi tatu. Wa kwanza hajaandika kitu. Sisemi ni waongo. Nasema siku tipa zitakapoanza kuhesabiwa, mmoja wao atasimamisha kazi aje kukuomba fedha, na wewe utakuwa na shimo mkononi na huna pa kwenda.

Ardhi za huku kwetu zinataka heshima hiyo. Upande wa juu wa Meru na Kilimanjaro, kama Ilboru au Kibosho, mteremko na mawe ndivyo vinavyokula msingi. Ukishuka kwenye tambarare unaweza kukutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Huo hutolewa au hupitwa hadi ardhi ngumu ipatikane, na gharama ya msingi inaweza kubadilika kabisa bila ukubwa wa nyumba kubadilika. Shimo la kupima udongo, hata lile la kuchimbwa kwa sururu hadi mita mbili, ni fedha kidogo mno ukilinganisha na kinachoweza kutokea.

Usafiri nao una mambo yake. Saruji nyingi ya kanda yetu hupanda kutoka Tanga, na nauli imo ndani ya bei ya mfuko kabla hujaugusa. Mbao za paini za West Kilimanjaro ziko karibu, hiyo ni nafuu yetu. Lakini vifaa kufika mjini na kufika kiwanjani ni mambo mawili. Anayejenga Marangu au Machame kwenye njia nyembamba ya kihamba, shamba la nyumbani la Kichaga, anajua: tipa inamwaga mchanga barabarani, kisha unapandishwa kwa Kenta au kwa toroli, na kila unaposhikwa unalipiwa tena. Kuanzia Machi hadi Mei njia hizo zikilowa, hata Kenta haipandi. Kwako Moshono hali si mbaya hivyo, ila muulize mkandarasi kama gari kubwa linafika mlangoni, na kama amekuwekea bei ya mchanga kwa tripu au kwa mita ya ujazo. Tripu haina ukubwa maalumu. Chukua futi, pima bodi ya gari ndani: urefu, upana, kimo. Zidisha. Ndipo ujue unanunua nini.

Nirudi kwenye VAT. Kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Milioni 96 ya mkandarasi wa tatu ina kodi hiyo ndani. Gawanya 96 kwa 1.18, unapata milioni 81.4. Milioni 78 ya mkandarasi wa pili haina kodi. Kwa hiyo tofauti yao ya kweli ni milioni 3.4, na wa tatu ameweka umeme, shimo la maji taka, mawe ya msingi na kifusi. Dada, yule uliyemwona ghali kuliko wote huenda ndiye nafuu. Muulize wa pili kama amesajiliwa VAT. Kama amesajiliwa, kodi hiyo atakutoza tu mwishoni, na milioni 78 itakuwa milioni 92 bila umeme wala shimo la maji taka.

Ningekuwa ndugu yako ningekushauri usimchague yeyote kwanza. Mpe mhandisi kazi ya kuchora nondo na msingi baada ya kuona udongo na mteremko. Kisha mpe mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa na AQRB, Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, akutengenezee BOQ yako mwenyewe isiyo na bei. Wape wote watatu BOQ hiyo hiyo wajaze bei. Hapo utakuwa umewauliza swali moja, na majibu yatalinganishika mstari kwa mstari. Thibitisha pia usajili wao kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, ambako makandarasi wa majengo wamepangwa kwa madaraja saba. Kwa nyumba kama yako daraja la chini linatosha, ila usajili uwepo.

Ukipata bei zao, usitazame jumla peke yake. Tazama kama kuna aliyepandisha bei za kazi za mwanzo na kushusha za mwisho. Mtu akiweka msingi kwa bei ya juu sana na rangi kwa bei ya kutupa, jumla inaweza kuonekana nzuri, lakini fedha zako nyingi zitakuwa zimeshatoka kabla ya lenta, na akiondoka hapo kilichobaki hakimalizi nyumba. Tazama pia mistari isiyo na bei, na umwombe aandike kwamba gharama yake imo kwingine. Weka fungu la dharura la asilimia 5 hadi 10, likae kwako, litoke kwa maandishi yako tu. Malipo yafuate kazi iliyopimwa, na kila malipo uzuie asilimia 5 au 10, utakayoimalizia baada ya muda wa kuangalia kasoro, ambao kwa kawaida ni miezi sita au mwaka.

Sasa swali lako la mwisho. Kama uwezo wako leo ni milioni 54, unaweza kuanza, tena vizuri. Ila usimpe mtu mkataba wa nyumba nzima kwa milioni 54. Mpe mkataba wa msingi, boma na kupaua kwa vipimo vya BOQ, ambavyo fedha hiyo inavimudu au inavikaribia, na vilivyobaki viandikwe wazi kuwa havimo. Nyumba iliyopauliwa inaweza kukusubiri mwaka au miwili ukitafuta fedha za lipu na taili. Isiyopauliwa haisubiri, masika moja tu yanatosha kuharibu kozi za juu na kuloanisha kifusi ulichoshindilia kwa gharama. Anza Juni, mvua zikishakatika, ulenge kuweka bati kabla ya vuli.

Na kama moyo wako bado uko kwa yule wa milioni 54, kwa sababu mnaelewana au ametoka kwa watu unaowaamini, mwite kiwanjani asimame kwenye kona ya chini. Mwombe aandike kwa mkono wake kimo cha ukuta wa msingi mahali hapo, idadi ya tripu za kifusi alizohesabu, na bei yake ya mita moja ya ujazo ya kifusi kikizidi.

Akikuandikia hayo matatu na kuyawekea saini, nitumie karatasi nikusaidie kuipitia.